Tawi la Saba

Kyuso, 9 Februari 2025

Dada Ndila,

Nakusalimu wewe na binti yako Mbithe. Huku tuko wazima kiasi. Ndengu tumevuna magunia kumi na mawili, na mbuzi wawili wamezaa mapacha. Shamba la mtoni limelala bila kulimwa. Mama bado anashikilia kwamba ni la mdogo wetu Maithya, kwa kuwa cha mama huwa cha kitindamimba. Mke wangu Kalekye amekwenda kwao Kasikeu kupumzika kidogo, kwa hivyo najipikia mwenyewe, nawe unajua ninavyopika.

Sasa jambo lenyewe. Mama amepigwa. Ilikuwa Jumapili iliyopita, tarehe pili, nyuma ya jikoni lake. Taya limevunjika mahali pawili na meno manne ya upande wa kushoto yameng'oka. Matatu niliyaokota mwenyewe kwenye makapi ya mahindi. Hospitalini wamemfunga waya mdomoni, anakunywa uji kwa mrija. Kusema hawezi, na kuandika hakuwahi kufunzwa.

Aliyempiga ni Maithya. Nani mwingine? Ulisikia walivyogombana sokoni mwezi wa kumi na mbili, alipouza beberu wa Mama akazinywa pesa zote. Nilipofika nyumbani jioni nilimkuta Mama chini, huyo ndugu yetu amekwisha kutoroka. Anakana. Mlevi gani huwa hakani?

Nimelipeleka jambo kwa ukoo. Mimi ndiye karani, siwezi kuandika ya wengine na kuficha ya kwetu. Tutakutana Jumamosi tarehe 15 Machi. Wazee wanataka maelezo ya Mama kwa maandishi, yenye siku, mahali na chombo kilichotumika. Bila hayo hawamwiti mtu. Wewe ndiwe mwandishi wetu. Watu wanatoka hadi Makindu kuja kuandikiwa barua kwenye saiba yako ya kompyuta. Tafuta njia.

Usinipigie simu juu ya hili. Tangu sauti ya mwenyekiti wa ukoo irekodiwe simuni na kuchezwa redioni, ukoo umepiga marufuku mambo yake kupita kwenye simu. Barua hii anakuletea Hared, yule mchuuzi wa mbuzi wa hapa Kyuso. Lori lake hupita Kibwezi kila wiki mbili likienda Mombasa. Jibu mpe yeye.

Ni mimi kaka yako,
Mwangangi


Kibwezi, 21 Februari 2025

Kaka Mwangangi,

Salamu nimezipokea. Mbithe amekuwa wa tatu darasani na sasa hatulali kwa majivuno yake. Joto la Kibwezi ni lile lile, hata kompyuta zinalalamika.

Barua yako niliisoma nimesimama, halafu nikakaa, halafu nikavunja kikombe ukutani. Meno manne. Mwanamke wa miaka sabini na mmoja. Kama ni Maithya kweli, fimbo ya kwanza niachieni mimi. Lakini kwanza Mama aseme, na nimefikiria namna ya kumsemesha.

Katika kompyuta yangu nina programu ya kuandikia noti. Ndani yake nimeongeza kitu, plagini tunaiita, kinachotumia akili bandia. Ukiandika mwanzo wa habari, inakumalizia. Wala haikupi mwisho mmoja: inakupa huu, na ule, na mwingine, kama matawi yanayotoka kwenye shina moja. Ukipenda tawi unaliendeleza. Usipolipenda unarudi kwenye shina na kuomba jingine. Vijana wa hapa huchagua hivyo barua zao za posa, nami nawacheka nikiwachapishia.

Basi nimeandika shina peke yake: "Mimi ni mama wa watoto watatu. Siku ya Jumapili nilikuwa nyuma ya jikoni langu. Mwanangu alikuja akiwa na hasira, akaniambia". Nikaishia hapo. Mashine imenipa matawi tisa, nayo yote yamo kwenye flashi niliyoifunga ndani ya soksi hii. Ifungue kwenye kompyuta yako ya ghalani, programu imo humo humo. Msomee Mama moja baada ya jingine, polepole, kwa Kikamba. Penye uongo atatikisa kichwa, penye ukweli ataitikia. Tukipata tawi lililo karibu, niandikie, nami nitaliendeleza na kulirekebisha mpaka liwe neno lake.

Usisahau jambo moja. Mashine haijui chochote. Haikuwapo Kyuso. Inabahatisha tu, na inapobahatisha inapenda damu. Katika la kwanza anakabwa kwa leso. La pili ni sufuria ya maji moto. Katika la tatu anakimbia, anajikwaa na kuangukia kizingiti, hakuna aliyemgusa. La nne nakunakilia: "Akaniambia, Utanipa leo au nikuue. Alinuka pombe. Akachukua jiwe la kusagia akanipiga nalo shavuni. Nilisikia mfupa ukikatika kama ukuni. Nilipoanguka alinipiga mateke ya mbavu, akacheka, akaenda zake."

Na la saba lisikuudhi. Humo mwenye hasira ni kifungua mimba, eti anataka alama ya kidole gumba cha mama yake kwenye karatasi ya shamba, anakataliwa, anampiga kwa mpini wa jembe. Mashine haina adabu. Nilitaka kulifuta, nikaliacha upate cha kucheka katika siku hizi za machozi.

Mwambie Mama namwombea. Mwambie pia namkasirikia aliyemfanyia hivi kuliko nilivyowahi kukasirika maishani.

Dada yako,
Ndila


Kyuso, 8 Machi 2025

Dada Ndila,

Natumaini barua hii itakukuta salama na Mbithe amepunguza majivuno. Sisi tunangoja mvua. Mbuzi mmoja kati ya wale mapacha ameliwa na fisi.

Mama ameitikia la nne. Nilimsomea yote kama ulivyoagiza, kitandani kwake, mlango umefungwa. Kwa mengine alitikisa kichwa. Nilipofika la nne aliinamisha kichwa mara mbili na machozi yakamtoka. Nililinakili kwa mkono, kwa wino, juu nikaandika Maelezo ya Mama. Sikuona haja ya kukusumbua uliendeleze. Lina siku, lina mahali, lina chombo.

Maithya nimempa wito mbele ya mashahidi wawili. Nilimkumbusha sheria, kwamba mwanamume anayeitwa na ukoo huja na fimbo zake kumi, amezikata kwa mkono wake. Alicheka. Akasema atakuja na kumi na chai ya kuteremshia. Watu wa namna hiyo ndio wanaovunja taya la mama. Wahenga walisema mchelea mwana kulia, nasi tumemchelea huyu miaka thelathini na miwili.

Flashi yako nakurudishia. Mshukuru Hared, amekataa nauli.

Kaka yako,
Mwangangi


Kibwezi, 12 Machi 2025

Kaka,

Leo sina salamu ndefu. Mbithe mzima, mimi mzima.

Usiyasome yale maelezo. Nimempigia Maithya simu. Najua imekatazwa, na sijali. Nilimtukana kwanza matusi yote ninayoyajua, akaningoja nimalize. Kisha akasema hivi, nakuandikia kama alivyosema: "Ndila, hiyo Sunday mimi nililala kwa mama pima, kwa pombe, mpaka saa saba mchana. Kuja home napata watu wamejaa. Na hilo jiwe mnasema ni gani? Jiwe ya kusaga mwaitu alipeana kwa kanisa last year. Enda uliza pasta."

Nimemwuliza pasta. Ni kweli. Jiwe la kusagia Mama alilitoa, liko kanisani tangu Agosti, watoto wanalikalia wakati wa shule ya Jumapili. Sasa Mama aliitikia vipi jiwe ambalo hakuwa nalo? Labda alichoka. Labda aliitikia ili umwache alale. Lile neno "jiwe" ni la mashine, Mwangangi, si la Mama. Niliahidi kulirekebisha na hukunipa nafasi.

Simu yako imezimwa, nimepiga mara kumi na nne. Nimempigia mwenyekiti, akaniambia mwanamke haupigii ukoo simu, akakata. Hared anaondoka hapa kesho alfajiri na ameapa atakupa barua hii mkononi kabla ya Jumamosi. Ahirisha. Msomee Mama tena, mbele ya mtu mwingine. Nakusihi.

Nawe hukusema neno juu ya la saba. Nilidhani utanitukana.

Ndila


Kyuso, 25 Machi 2025

Dada Ndila,

Nakusalimu. Mvua imefika, tena kwa fujo. Barua yako ya tarehe 12 niliipata tarehe 18. Mto ulifurika na lori la Hared lililala ng'ambo siku nne, mbuzi sita wakasombwa. Ndiyo sababu. Usitafute nyingine.

Ulikuja mazishini ukaondoka bila kunisalimu. Ukamtuma Hared aniulize ilikuwaje. Nitakuandikia kama karani, kwa kuwa ndivyo ninavyojua kuandika.

Maithya alifika saa tatu asubuhi, hajanywa. Alikuja na fimbo kumi kavu, nyembamba kama penseli, watu wakacheka. Nilimrudisha akakate mbichi. Fimbo kavu huvunjika kwa pigo la pili, na sheria inasema mbichi, ingawa mara nyingi tunafumba macho. Akarudi na za mti wa mulawa, bado zinatoa maji. Maelezo yakasomwa. Niliyasoma mimi. Alisema hapana. Mwenyekiti akamwuliza kama mama yake ni mwongo, akaziweka fimbo chini.

Alilazwa kifudifudi, mikono ikafungwa kwenye kigingi. Wanaume kumi, kila mmoja fimbo moja na mapigo matano. Kufika la ishirini shati lilikuwa limeingia kwenye nyama. Kufika la thelathini alikuwa anamwita Mama. Mzee mmoja alitaka tusimame, mwenyekiti akamwambia nusu ya adhabu ni dhihaka. Wa nyumbani ndiye humaliza, kwa hivyo nilikuwa wa kumi. Nilipoinua mkono aligeuza kichwa, damu imemjaa kwenye meno kwa kuuma ulimi, akaniuliza, "Mwangangi, jiwe gani?"

Nilimpiga matano. Sikupunguza hata moja.

Jumapili alikojoa damu. Jumatatu kabla ya mapambazuko alikufa, kwenye godoro la ghalani kwangu. Ukoo unasema ni pombe iliyokuwa imemla maini. Kwa chifu imeandikwa kwamba alianguka kutoka kwenye mkokoteni wa punda.

Hiyo ndiyo habari yote.

Kaka yako,
Mwangangi


Kibwezi, 20 Aprili 2025

Mwangangi,

Mbithe anakusalimu, kwa sababu hajui. Leo ni Pasaka na nimempikia kuku nisiyeweza kumla.

Nilikaa karibu mwezi mzima bila kuandika, maana kila nilichoanza kilikuwa laana. Nikuambie kwanza la kwangu. Maneno yaliyomwua Maithya niliyatoa mimi kwenye mashine. Niliketi kwenye kiti changu kizuri, feni inanipulizia, nikaomba njia tisa za kumvunja mama yangu taya, nikakutumia kama mtu anayetuma picha za vitambaa ili mteja achague. Nikilala naliona lile shati. Nikiamka nakumbuka kwamba nilikuambia fimbo ya kwanza niachieni mimi. Hilo nalibeba, na sikuombi unitue.

Sasa la kwako. Jana nilifungua ile flashi uliyonirudishia. Matawi yamo manane. Nikafungua kompyuta yangu, yamo tisa. Lililokosekana ni la saba.

Programu hii yenyewe haipotezi tawi. Ukitaka kulifuta inakuuliza, una hakika? Ukijibu ndiyo, inakuuliza tena. Uliulizwa mara mbili, Mwangangi. Hukufuta la kwanza lenye leso, hukufuta la sufuria. Umefuta moja tu.

Kuna mengine. Uliniandikia kwamba uliokota meno kwenye makapi ya mahindi, wala hukusema Mama alikuwa akitwanga nini, wala kwa nini mtu atwange jioni ya Jumapili. Na pale kaburini, Mama alikataa kutupa udongo mpaka wewe ulipoondoka ukingoni. Watu walisema ni uchungu. Mimi pia nilisema ni uchungu.

Wiki iliyopita nilikwenda Kasikeu kumwona wifi Kalekye. Alinipokea, akanipa chai, akaniambia, "Niulize yoyote, lakini siku hiyo usiniulize." Halafu akainuka akaenda kufunga ng'ombe ambaye tayari alikuwa amefungwa.

Niandikie.

Ndila


Kyuso, 14 Mei 2025

Ndila,

Nakusalimu. Mvua imekatika mapema, lakini ndengu za msimu huu zimeshika.

Tawi la saba silijui. Hizi kompyuta zenu hupoteza vitu, na ghala langu lina vumbi. Umesema mwenyewe kwamba mashine haijui chochote na haikuwapo. Sasa unataka kunifunga kwa jambo lililobahatishwa na mashine, tena jambo ambalo halipo? Nenda ukamwambie hakimu yeyote hivyo, atakucheka mpaka avue miwani.

Kalekye ni mke wangu na mambo yake ni yangu. Usirudi Kasikeu.

Ninachotaka kukuambia ni kwamba Mama ameondoka. Waya walimtoa tangu mwezi wa nne, lakini hakusema hata neno moja, si kwangu wala kwa mtu. Jumatatu niliamka nikakuta kitanda chake kimetandikwa. Farhiya, mwenye duka la nguo, anasema alimwona akipandishwa mbele kwenye lori la Hared, na bahasha ya hospitali mkononi. Hakuniaga. Najua yuko kwako. Mrudishe. Nyumba ya mama haikai tupu, na watu wameanza kuuliza.

Shamba la mtoni nitalilima msimu ujao. Hakuna mwingine wa kulilima sasa.

Mwangangi


Kibwezi, 10 Juni 2025

Mwangangi,

Mama yuko kwangu, mzima. Anakula wali laini na parachichi, na analala chumba kimoja na Mbithe. Mbithe amemfundisha kucheza karata, na Mama anaiba.

Karibu wiki nne hakusema kitu, nami sikumwuliza. Jumapili alikuja mwenyewe saiba, nimefunga mlango wa mbele nafanya hesabu ya karatasi. Akavuta kiti akaketi mbele ya kompyuta, akaigonga kwa kidole. Nikamwuliza kama anataka nimsomee. Akaitikia.

Nilimsomea kwa Kikamba, la kwanza mpaka la sita. Kila moja alitikisa kichwa. Kwenye la nne nilisimama nikamwuliza, "Si hili uliloitikia?" Akanitazama kama mtu aliyeulizwa kuhusu nchi ya mbali. Kisha nikasoma la saba. Nilipofika penye kidole gumba aliweka mkono wake juu ya wangu, nikaacha kusoma. Akafungua kinywa. Sauti yake imeharibika, inatoka upande mmoja, lakini niliisikia vizuri.

Alisema, "Hiyo hakunisomea. Hakunisomea hata moja."

Niliinuka, Mwangangi, nikaenda kufunga na mlango wa nyuma. Niliporudi alikuwa bado ameketi, anangoja. Nikamwambia, "Mwaitu, ni mashine ilibahatisha." Akasema, "Aiee. Imekosea. Si mpini ya jembe. Ni mchi. Nilikuwa natwanga mahindi ya muthokoi. Na haikuwa jioni, ilikuwa asubuhi, watu wako kanisani. Andika."

Nikaandika. Nilifuta maneno ya mashine moja moja, akaweka yake. Kwamba ulikuja na karatasi na kile kidau cha wino cha ukoo. Kwamba alikuambia shamba ni la Maithya. Kwamba ulimshika mkono, akakunja kidole gumba ndani ya ngumi, ukashindwa kumfungua. Kwamba ulichukua mchi kutoka kwenye kinu, nao ulikuwa na unyevu wa mahindi. Kwamba Kalekye alikuwa amesimama mlangoni na beseni. Kwamba ulimwambia Mama, mimi nitasema ni Maithya, na wewe ukisema si yeye, nitammaliza. Alinyamaza ili Maithya apone. Hakujua umepeleka maneno gani kwa ukoo, kwa sababu hukumsomea kitu. Ulifunga mlango ukakaa kwenye kiti ukatazama ukuta, akasema, mpaka jua likapanda juu ya paa.

Alinyamaza ili apone, nawe ukamwua hivyo hivyo.

Tulipomaliza, la mashine lilikuwa limebaki shina tu, na shina nililiandika mimi. Nikachapisha nakala mbili. Nikamletea wino. Akanyoosha kidole gumba cha kushoto, kile kile, akakibonyeza chini ya karatasi zote mbili, akapuliza zikauke.

Sikuupelekea ukoo. Nawajua. Nimekwisha kuandika kuchapwa kwa mtu mmoja na sitaandika kwa mwingine, hata kama ni wewe, na Mungu anajua jana usiku nilitaka. Nakala moja nimeipeleka polisi, na Kalekye, nilipomsomea maneno ya Mama kwa simu, ameandikisha ushahidi wake baada yangu. Afisa amesema watafika Kyuso Jumatatu tarehe 23. Nakuambia mapema, usije ukasema ulivamiwa. Ukitoroka, toroka. Nimechoka kukuchagulia.

Mama ameniambia nisiandike salamu zake.

Ndila


Kyuso, 19 Juni 2025

Dada Ndila,

Nakusalimu, na Mbithe. Ndengu zimekauka vizuri, nimezianika zote. Funguo za ghala nimempa Farhiya. Mbuzi atawachukua Hared akuletee, ni wa Mama.

Barua yako nimeisoma. Chombo ni mchi. Siku umeipata, mahali umepata. Alipokunja kile kidole niliona anacheka, nami sikuwahi kuchekwa na Mama. Sasa najua hakuwa akicheka, alikuwa anauma meno. Hayo ndiyo yote niliyonayo ya kujitetea, na ukiyasoma utaona si kitu.

Polisi waje Jumatatu. Ukoo unakutana Jumamosi. Wewe umekataa kuupelekea, na umefanya vyema, lakini ajenda huandikwa na karani. Nimeandika nambari moja: Mwangangi, kwa kumpiga mama yake na kumwua ndugu yake kwa maelezo ya uongo. Mwenyekiti alipoisoma aliniuliza kama nimelewa. Nikamwambia wa nyumbani ndiye humaliza, na kwetu hakuna mwingine aliyebaki, kwa hivyo watafute wa kumi. Akaenda bila kunipa mkono.

Hii si toba, usije ukamwambia Mama ni toba. Selo siiogopi. Ninachoogopa ni kufika huko na mgongo mzima. Naogopa na Jumamosi pia. Neno hilo nimelifuta mara mbili, sasa nimeliacha.

Usije. Mama usimwambie mpaka Jumapili.

Leo nilikwenda mtoni, kwenye shamba la Maithya. Sikuingia ndani, nilisimama pembeni penye ile mulawa aliyokata yeye, imeanza kuchipua. Nimekata kumi. Zote ni mbichi.

Mwangangi, karani